Gari la Marehemu Baba: Tunavyolitunza Wenyewe Nyumbani



Kila tukienda na gari letu kwenye harusi au hitma, hakosekani mtu wa kuuliza, "Jamani, hili gari bado lipo?" Lipo, alhamdulillah, na linatembea. Swali la pili huwa: fundi wenu nani? Hapo ndipo watu wanapocheka, maana mafundi ni sisi wenyewe, ndugu watatu wa tumbo moja: mmoja mwalimu wa skuli, mmoja muuguzi na mmoja mshonaji. Mmetuomba mara nyingi tueleze, na leo tumekaa kuandika, kwa sababu tunajua wengi wenu mna gari la zamani uani ambalo kila mgeni anasema liuzeni.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, lile umbo la E100 lililoanza kutoka Japani mwaka 1991. Letu ni la 1993, jeupe, gia za mkono, injini ya 5A ya cc 1,498. Marehemu baba alilinunua mwaka 1999 likiwa mtumba na hakununua jengine mpaka anaondoka duniani. Watoto wa mtaani wanaliita Bi Mkubwa. Neno Corolla ni la Kilatini, maana yake taji dogo. Mama alipoambiwa hivyo alisema, "Basi baba yenu alinivisha taji bila ya mwenyewe kujua."

Baba alipofariki, ufunguo tuliutia kabatini. Mama alikuwa eda, miezi minne na siku kumi, na sisi hatukutaka mrithi mmoja atumie mali ambayo haijagawiwa. Gari likakaa chini ya mwembe muda wote huo.

Eda ilipokwisha, tukakaa kitako na ami zetu. Madeni ya marehemu yalikuwa yamekwisha kulipwa, wasia hakuacha, na wazazi wake wote wawili walishatangulia. Warithi wakabaki mama, kaka yetu mmoja na sisi mabinti watatu. Mke akiwa na watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Kilichobaki hugawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 40, mama ana 5, kaka ana 14, na kila mmoja wetu ana 7. Gari lilitathminiwa shilingi milioni nne. Kwa hiyo mama laki tano, kaka milioni moja na laki nne, sisi laki saba kila mmoja.

Kaka anaishi Muscat, ana watoto wanaosoma na kodi ya nyumba juu yake. Alisema kwa simu, kwa adabu kabisa, kwamba gari liuzwe kila mtu achukue chake. Hakukosea. Haki yake ni haki yake, na kumbukumbu za baba hazilipi ada. Ila gari lile ndilo lililokuwa likimpeleka mama kliniki kila mwezi, na kumpandisha mama daladala kwa yale magoti yake ni mtihani. Tukamwomba kaka atuuzie fungu lake. Akakubali tumlipe laki moja kila mwezi kwa miezi 14. Tuliandika, ami zetu wawili wakashuhudia, kama dini inavyotutaka kwenye deni. Mama alipoulizwa kuhusu fungu lake alijibu, "Thumni yangu ni kile kiti cha mbele. Nipakieni tu."

Sasa fanyeni hesabu nasi. Mtu analipa laki kila mwezi kwa gari lenye umri mkubwa kuliko mdogo wetu. Pesa ya kumpa fundi kila wiki itoke wapi? Ndiyo maana tukajifunza. Kiherehere hatukuwa nacho, wala hatukuwa na hamu ya kuwaonesha wanaume lolote. Ilikuwa ama tushike spana, ama tuuze.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mzee aliyekuwa fundi wa baba. Macho yake yamechoka, lakini masikio yake yanasikia ugonjwa wa injini kutoka barazani. Sharti lake lilikuwa moja: yeye atakaa kwenye kiti na kahawa yake, na sisi ndio tutakaoingia chini. Mwalimu wa pili lilikuwa daftari la baba. Tulilikuta kwenye droo ya gari, limefungwa kwa mpira. Kila alipobadilisha oili, plagi au pedi za breki aliandika tarehe, kilomita na bei. Ukurasa wa mwisho aliandika, "Breki za nyuma ziangaliwe." Tulianzia hapo.

Gari lililolala miezi minne haliwashwi tu ukaondoka. Betri ilikuwa imekufa, tairi mbili zimelala, na panya walishahamia chini ya boneti na matambara yao. Corolla hii breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za ngoma, na kwa unyevu wetu wa kisiwani shuu zilikuwa zimegandana na ngoma kwa kutu. Mzee alituonesha namna ya kugonga ngoma kwa nyundo ya mpira pole pole, kuzunguka, mpaka iachie. Ndani tulikuta shuu zimekwisha kabisa. Baba alikuwa amejua.

Tukabadilisha shuu, tukabadilisha na oili ya breki. Hili la oili tunaomba mlisikie. Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ni maji matupu. Ikishakunywa maji, breki ikipata moto mkali maji yale hugeuka mvuke, na mguu unazama mpaka chini bila gari kusimama. Oili mpya ina rangi ya asali nyepesi. Ukifungua kikopo chake ukakuta nyeusi kama chai ya rangi iliyolala, usingoje. Sisi tunaibadilisha kila baada ya miaka miwili.

Oili ya injini ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na dada yeyote anaweza. Nati ya chini ya kumwagia oili kwenye gari hili ni spana namba 14. Unalitia injini joto kidogo, unafungua, unaacha imwagike, unabadilisha filta, unafunga, unatia kiasi cha lita tatu, unapima kwa kijiti. Ile oili chafu hatuimwagi chini. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu, na kinachomwagwa uani huteremka mpaka kwenye maji ya kisima. Tunaijaza kwenye madumu na kuwapelekea gereji wanaoikusanya.

Halafu likaja la kukohoa. Asubuhi za masika Bi Mkubwa alikuwa akiwashwa anatetemeka, anakohoa, anazima. Mzee alisikiliza akasema, "Fungueni kifuniko cha distributa." Ndani, zile ncha za kupitishia moto zilikuwa zimeota ukungu mweupe. Chumvi na unyevu. Tukazisugua kwa msasa laini na kupangusa kwa kitambaa kikavu. Kabla ya kuchomoa waya za plagi tulifunga uzi kwenye kila mmoja: mwekundu, kijani, manjano, buluu. Zina mpangilio wake, silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Ukizichanganya gari haliwaki au linapiga mizinga. Uzi ulitoka kwenye boksi la mshonaji wetu, na mpaka leo bado upo.

Lakini adui mkubwa wa gari la kisiwani ni kutu. Chumvi iko kwenye upepo, iko kwenye mchanga, na mahali pengine imo hata kwenye maji ya kisima. Gari huanza kuoza kule usikokuona: ndani ya mbavu za milango, chini ya kapeti, kwenye matao ya tairi. Tulipong'oa kapeti upande wa dereva tukaona mwanga wa mchana kupitia sakafu. Shimo lenyewe lilikuwa la kupita kidole gumba. Hapo tulimwita mtu wa kuchomelea, kwa sababu uchomeleaji si kazi yetu, na sakafu ya gari si mahali pa kujaribia.

Kutu nyengine zote tunazitibu wenyewe. Unakwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Unapiga msasa. Unaosha kwa maji baridi yasiyo chumvi na sabuni, unaliacha likauke jua zima. Kisha unapaka dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosfori, ambayo hugeuza mabaki ya kutu kuwa utando mweusi mgumu. Vaa glavu, usiivute pumzi. Ikikauka unapaka praima, kisha rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu bila ya hatua hizi, umeifunika shuka tu, inaendelea kula usiku na mchana.

Na kuna jambo dogo ambalo limetuokolea milango minne. Chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayoingia kupitia kioo. Majani ya mwembe na vumbi huviziba, maji hukaa ndani, mlango huoza. Kila mwanzo wa masika na wa vuli tunavizibua kwa vijiti vya mishikaki. Na tukitoka pwani, hata iwe magharibi imeshaingia, tunasali kisha tunalipiga maji ya mfereji chini kwa chini kabla ya kulala.

Mnatuuliza sana kuhusu mavazi. Tunavaa suruali pana na dera la zamani lililofupishwa, na ushungi tunaufunga nyuma na kuuchomeka ndani, usining'inie hata ncha. Injini ikiwa inazunguka, feni na mikanda yake haijui ushungi wala bangili. Pete, bangili na mikufu vyote tunavivua. Na grisi? Grisi ni utando, huzuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha. Kwa hiyo tunavaa glavu nyembamba, na ikipenya tunasugua mikono kwa mafuta ya kupikia na sukari, kisha sabuni, kisha mswaki wa kucha. Kazi tunaipanga ianze baada ya sala ya alfajiri na imalizike kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado lina huruma.

Kuna mambo matatu hatuyavunji. Hatuingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, lazima liwe juu ya stendi za chuma na tairi ziwe zimezuiwa. Hatufungui kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Na tukigusa umeme tunafungua kwanza waya wa hasi kwenye betri. Mkanda wa taimingi nao tunamwachia fundi. Kwa injini hii huhesabiwa kilomita 100,000, na daftari la baba ndilo linalotukumbusha.

Baada ya usalama ndiyo tukaja kwenye uzuri, na hapa pana ugomvi wake. Mdogo wetu alitaka rimu za kung'aa, taa za buluu na kiyoyozi. Mkubwa wetu akasema ni israfu, na deni la kaka bado halijakwisha. Wa kati, kama kawaida yake, alipika chai. Tukaafikiana hivi: hakuna pambo linalonunuliwa kabla breki, tairi, taa na mikanda ya usalama havijakamilika, na pambo tunaloweza kushona au kupaka wenyewe linatangulia lile la kununua.

Dari ndiyo ilikuwa ya kwanza. Magari ya umri huu, sponji ya juu hukauka kwa joto na kitambaa huning'inia mpaka kinagusa kichwa. Tuliliteremsha lile bao lote, tukalisugua unga wa sponji ukaisha, tukabandika kitambaa kipya rangi ya maziwa kwa gundi inayostahimili joto. Ilituchukua Jumamosi mbili. Kisha viti. Reksini inang'aa lakini jua la saa nane linaikaanga, nayo inakukaanga wewe. Mshonaji wetu alichagua kitambaa cha makochi cha pamba, kijani kilichoiva, akakata mfano kwa magazeti, akashona makava yenye zipu ili yafuliwe. Kwa wenye magari mapya zaidi, angalieni kwanza: kama kiti chenu kina mfuko wa hewa ubavuni, kava lisizibe upande huo. Letu halina, kwa hiyo tulishona tulivyopenda. Kiti cha nyuma tumetandika kanga ya mama iliyoandikwa "Ya kale ni dhahabu". Aliitoa mwenyewe.

Redio hatukuigusa. Redio za magari ya Japani ya umri huu zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao ya wakati ule, kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Baba alifungwa kile kidude cha kubadilisha masafa mwaka ule ule alipolinunua, na mpaka leo ukitaka stesheni unahesabu kwa kichwa. Upande wa kaseti bado unafanya kazi. Mna mkanda wa Qur-ani na mkanda wa taarabu, na mama anajua wakati wa kila mmoja.

Rimu zimebaki zile zile za chuma, inchi 13. Tulizikwangua, tukazipaka rangi ya fedha, basi. Tairi ndizo tulizonunua mpya, 175/70R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana, asilimia 70, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Dada, unaponunua tairi tazama pia zile tarakimu nne ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na ikawa imezeeka dukani. Duka moja walituletea tairi "mpya" zenye umri wa miaka tisa. Tulizirudisha kwa salamu na asante.

Mwezi wa 14 tulimpelekea kaka laki ya mwisho. Hakusema mengi. Mwaka uliofuata alikuja likizo na wanawe, akaomba ufunguo, akampakia mama wakaenda Makunduchi na kurudi. Tulikaa barazani roho mkononi, tukiwaza gia ya tatu ambayo inataka kubembelezwa. Waliporudi alikaa ndani ya gari muda, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Kisha akafungua droo, akatoa daftari, akaandika tarehe, kilomita, na neno "petroli", na bei. Mwandiko wake na wa baba huwezi kuutofautisha. Kabla ya kuondoka aliacha pesa ya betri mpya na kusema ni sadaka, si fungu, asije mtu akamrudishia.

Msidhani tumesahau kuhesabu. Kila mwisho wa mwaka tunajumlisha daftari na kujiuliza kama bado inafaa. Tumekubaliana mapema: siku mtu wa kuchomelea akitwambia mbavu kuu za chini zimeoza, hatutapaka rangi juu yake wala hatutampakia mama. Tutatoa kinachofaa, tutauza chuma kwa haki na kumwambia mnunuzi kila kasoro, maana kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa ni ghushi. Gari ni chombo. Tunalipenda, lakini aliyekaa kiti cha mbele tunampenda zaidi.

Kwa dada anayetaka kuanza, huna haja ya karakana. Nunua daftari kwanza. Nunua spana namba 10, 12 na 14, kipimo cha upepo wa tairi, tochi, na glavu. Kila Ijumaa asubuhi pima oili, maji ya rejeta, oili ya breki na upepo. Dakika kumi tu. Tafuta mzee mmoja mwaminifu mtaani, mpelekee kahawa, muulize, na umuulize tena. Wapo watakaopita na kusema maneno. Kwetu walisema, kisha gari zao zilipokataa kuwaka asubuhi ya Idi walikuja kugonga mlango, na tulikwenda.

Tunamwombea baba yetu, na wazazi wenu waliotangulia, Mola awape makaazi mema, na walio hai awape afya. Juma lijalo, inshallah, Bi Mkubwa anafunguliwa rejeta isafishwe. Mwenye mswaki mrefu wa chupa atuazime.

Wabillahi tawfiq.